Nijibu Kabla Hawajapiga Kura

"Kwa hiyo mnahamia Texas lini, mwanangu?"

Muhuri wa Lawanda ukabaki hewani. Mbele yake, upande wa pili wa kile kioo cha plastiki walichowekewa kwa ajili ya korona, alisimama Bi. Ozelle Strickland na barakoa yake ya maua. Alikuwa ameleta fomu za binti yake Jakayla, aliyetimiza miaka kumi na nane na kutaka kujiandikisha kupiga kura. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, na joto la Mississippi lilikuwa limeshaanza kugonga madirishani.

"Nani anahamia Texas, Bi. Ozelle?"

"Aa, we nawe! Si wewe na Kocha? Jumamosi alikuja kwangu. Akakaa kwenye kochi langu, akala kambare vipande vinne, akafuta mikono, ndipo akasema."

"Akasema nini?"

Bi. Ozelle akamtazama vizuri. Macho yaliyokuwa yakicheka juu ya barakoa yakaacha kucheka.

"Mungu wangu. Hukuambiwa."

"Niambie wewe."

"Mwanangu, mimi mdomo wangu huu..."

"Umeshamwaga mchele, Bi. Ozelle, na kuku ni mimi peke yangu. Maliza."

Mama wa watu akasogelea kioo. Akasema Kocha Tavares Gatlin alimkumbusha ahadi yake. Siku alipokuja kumwomba Jakayla akachezee timu ya softboli ya chuo, aliapa kwamba binti atarusha mpira hapahapa nyumbani, mama yake akimwona kwa macho. Sasa wakubwa wa michezo ya vyuo wametangaza kuwa mechi za ubingwa hazitachezwa tena Mississippi mpaka ile bendera ya jimbo ishuke. Hata timu ikishinda haki ya kuwa mwenyeji, itacheza ugenini.

"Akaniambia, 'Mama, sitaki kukudanganya. Chuo kimoja cha Texas kimeniita, wanataka jibu Jumapili saa sita mchana.' Nikasema kheri, na Lawanda je? Akasema, 'Lawanda hana neno.'"

Lawanda akapiga muhuri kwenye fomu ya Jakayla. Akaisukuma kwenye tundu la kioo taratibu, kama kawaida yake.

"Mwambie Jakayla hongera," alisema.

Miaka kumi na moja alikuwa karani katika ofisi ile ya mahakama. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika vibali vya ndoa. Alishaona wachumba wa kila aina: wanaocheka, wanaotetemeka, wanaogombana mlangoni wakaingia wakitabasamu. Yeye mwenyewe alikuwa na pete kidoleni mwaka wa pili. Makanisa yalipofungwa kwa ugonjwa, yeye na Tavares walikubaliana wafunge ndoa ghorofani kwa jaji, tarehe kumi ya mwezi wa saba. Tavares alikubali kwa kuguna. Nyuma ya kiti cha jaji ilisimama ile bendera, na kwenye kona yake imeshonwa ile alama ya wanajeshi wa Kusini waliopigana ili mababu wa watu weusi kama wao wabaki watumwa. "Nitakuapia vipi chini ya kitambaa kile?" aliuliza. Yakaishia hapo.

Bi. Ozelle alipoondoka, Lawanda akatoa simu.

"Texas kuna joto?" akaandika.

Zikapita dakika kumi.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Sasa hivi."

Jioni saa kumi na moja akamkuta uwanjani, anamwagilia udongo mwekundu kwa mpira wa maji. Hapakuwa na mchezaji hata mmoja, chuo kilikuwa kimefungwa tangu mwezi wa tatu. Tavares alikuwa mrefu, mabega mapana, na kila alipokosea alijikuna shingo. Alianza kujikuna kabla Lawanda hajafunga mlango wa gari.

"Nilitaka kukwambia mwenyewe, mpenzi."

"Lini? Tukifika Dallas?"

"Leo. Kesho. Nilikuwa natafuta namna."

"Kwa Bi. Ozelle namna uliipata, tena na kambare juu."

"Bi. Ozelle nilimwahidi, Lawanda. Niliingia nyumbani kwake nikamwangalia usoni. Siwezi kumwacha asikie redioni."

"Na mimi hukuniahidi?"

Akafunga bomba. Maji yakaendelea kudondoka kidogo.

"Wewe ni tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Wewe... nilijua utanisubiri. Wewe unasubiri siku zote."

Lawanda alitazama yale matone yakitoboa udongo.

"Kumbe subira yangu umeifanya godoro," alisema. "Unajilalia tu."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha, na ni kweli. Ndiyo maana inauma."

"Nisikilize basi. Alhamisi makocha wote wa vyuo vya jimbo tunakwenda Jackson, tunaingia bungeni, tunaongea nao mmoja mmoja. Wanasema kura inaweza kupigwa mwisho wa wiki. Bendera ikishuka, nabaki, tunaoana, yameisha. Isiposhuka, twende wote Texas. Lipi baya hapo?"

"Wabunge wanajua kwamba wao ndio washenga wetu?"

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi. Tavares, watu wetu wamelia na ile bendera tangu bibi yangu yuko hai. Hakuna aliyesikia. Leo wametishiwa kunyimwa mechi, wanasikia. Sawa, kama ndiyo dawa yao, wanywe. Lakini dawa hiyohiyo umeniletea mimi. Jimbo linatishiwa kunyimwa mechi, nami natishiwa kunyimwa mume."

"Wewe huijali ile bendera. Wewe unaingia pale kila siku."

Hapo Lawanda akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Meza yangu ofisini imekaaje?"

"Eh?"

"Umekuja pale mara ngapi kunichukua? Meza yangu imekaaje?"

Tavares akawaza. "Inatazama ukuta."

"Makarani wenzangu wote wanatazama ukumbi, mimi natazama ukuta, nageuka kila anapokuja mtu. Niliigeuza wiki ya kwanza ya kazi, ili ile bendera ya ukumbini iwe mgongoni kwangu. Miaka kumi na moja nageuza kiti. Hukuwahi kuniuliza. Ulidhani mtu asiyepiga kelele haumwi."

Mkono wa Tavares ukapanda shingoni, ukaishia njiani, ukashuka.

"Nisamehe."

"Nakusamehe. Lakini sikiliza na mimi. Sikukatazi Texas. Ukitaka kwenda, nenda, nitalia, nitanyamaza. Ukitaka kubaki, baki. Ila nijibu kabla hawajapiga kura."

"Kwa nini kabla? Ni siku chache tu."

"Kwa sababu ikishuka halafu ukabaki, mpaka nazeeka sitajua ulibaki kwa ajili ya nani."

Akaingia kwenye gari, akaondoka polepole, bila kurusha vumbi.

Jumanne ikapita, na Jumatano nayo. Simu ya Lawanda ilikuwa kimya kama jiwe la kisimani.

Alhamisi televisheni ya ofisini ikaonyesha makocha wakipanda ngazi za bunge, makumi yao, weusi kwa weupe, suti na barakoa. Bw. Hollis, mkuu wa ofisi, mzee wa Kizungu aliyeanza kazi pale Lawanda hajazaliwa, akavua miwani.

"Lawanda! Si mchumba wako yule? Kavaa tai!"

"Ndiye."

"Makanisa yalisema, tukanyamaza. Wenye maduka wakasema, tukanyamaza. Leo wameambiwa hakuna mpira, waangalie wanavyozunguka kama kuku anayetaka kutaga." Akafuta miwani kwa shati. "Babu wa babu yangu alipigana chini ya alama ile. Nimeizoea. Wewe je? Sijawahi kukuuliza."

"Hujawahi, Bw. Hollis."

"Basi nakuuliza."

"Inanichosha," alisema Lawanda. "Kila siku, kidogokidogo."

Mzee akavaa miwani, akapunguza sauti ya televisheni. Saa ya kufunga alimshikia mlango.

Usiku ule ukaja ujumbe mmoja tu.

"Nimeongea na wabunge sita. Mmoja kaniambia, Kocha, nakupenda, lakini watu wangu watanitimua. Theluthi mbili ya kura ni mlima. Sijui."

Lawanda akasoma mara mbili. Hapakuwa na jibu lake mle ndani. Akaandika "Pole na safari," akazima taa.

Jumamosi asubuhi alikuwa barazani kwa mama yake, Mama Earlene, wanamenya kunde mpya. Zilikuwa zile za maganda ya zambarau, zinazoacha vidole rangi ya wino. Simu ya Mama Earlene ilisimamishwa kwenye bilauri ya chai baridi, wabunge wakiongea humo mmoja baada ya mwingine.

"Kita," alisema mama, akimwita Lawanda kwa jina la utotoni, "mwanaume anayesubiri serikali imwambie aoe, ukiumwa usiku atasubiri serikali imwambie akupeleke hospitali."

"Mama."

"Nimenyamaza." Akamenya tatu. "Lakini mabega anayo."

"Mama!"

"Nimesema nimenyamaza."

Kabla ya saa sita gari la Tavares likaingia uani. Alishuka na suti ileile ya Alhamisi, imekunjamana, tai mfukoni. Alisimama chini ya ngazi, hatua sita kutoka kwao, barakoa mkononi.

"Shikamoo, Mama Earlene."

"Marahaba. Si ulikuwa Jackson wewe? Nusu ya mji iko kule."

"Nilikuwa. Nimeondoka." Akamgeukia Lawanda. "Wameshapiga?"

"Bado wanaongea."

"Naomba muizime hiyo simu."

Mama Earlene akatazama binti yake. Lawanda akatikisa kichwa kukubali. Mama akaichukua simu na chai yake, akaingia ndani, akauacha mlango wa wavu ukijibamiza.

"Redio ya gari nimeizima tangu Jackson," alisema Tavares. "Saa moja na nusu naendesha kimya, mpaka nasikia saa yangu. Lawanda, nimewapigia Texas."

"Ukawaambia nini?"

Akamnyooshea simu yake. Ujumbe ulikuwa wa kocha mkuu wa kule, umefika saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi: "Tumesikitika kukukosa, Kocha. Leo hii tunampigia anayefuata. Mungu akubariki."

Lawanda akaangalia ile saa. Akahesabu kichwani. Bunge lilikuwa hata halijakaa.

"Walikupa mpaka kesho saa sita," alisema. "Ungesubiri, ungejua."

"Ningejua kuhusu bendera. Kuhusu mimi nisingejua."

"Na isiposhuka?"

"Isiposhuka, Jakayla ataondoka, na wenzake wazuri watamfuata, na mwakani watanifukuza, na watakuwa na haki. Nitarudi Jackson kila wiki kuwasumbua. Lakini jioni nitarudi hapa."

"Bi. Ozelle umemwambia?"

"Bado. Yeye wa pili." Akapanda ngazi moja. "Yule mbunge niliyekuandikia... nilimshangaa. Nikasema huyu mtu anajua lililo sawa, lakini anangoja kwanza kuona upepo. Usiku hotelini nikajiona ni mimi. Nimekuonea wewe, Lawanda. Umekuwa unageuza kiti miaka yote hiyo na mimi najiona ndiye mwenye uchungu. Mbele ya bendera ile bado sitaapa, sikufichi. Nitamwomba jaji ashuke tuoane kwenye maegesho ya magari."

"Kwenye jua la mwezi wa saba?"

"Nitakushikia mwavuli."

Lawanda alijaribu kukaza uso, ukamkatalia. Akasogeza bakuli la kunde pembeni.

"Pete ulinipa pale uwanjani, wachezaji wako wanapiga vigelegele," alisema. "Sikupata hata nafasi ya kukutazama. Niombe upya. Hapa hakuna watu."

Tavares akamaliza ngazi, akapiga goti katikati ya maganda. Jasho lilikuwa likimchirizika shingoni na safari hii hakujikuna.

"Lawanda Bynum. Ishuke isishuke, nikiwa na kazi au nikimenya kunde za mama yako..."

Honi ikalia barabarani. Nyingine ikaijibu, kisha zikawa nyingi, zimeshikiliwa, na mtu wa nyumba ya tatu akapiga ukelele mrefu. Kichwa cha Tavares kikageuka chenyewe kuelekea barabarani.

Lawanda akamshika kidevu kwa vidole vyake vya zambarau, akamrudisha.

"Tazama huku."

Mlango wa wavu ukafunguka kwa kishindo. Mama Earlene alitoka mbio, ndara moja mguuni, simu juu.

"Kita! Kita, wamepiga..."

"Subiri, Mama. Huyu hajamaliza."

Mama akaibana simu kifuani, akasimama palepale, machozi yanamtoka na mdomo kaufumba kwa nguvu zote.

"Endelea," Lawanda alimwambia Tavares. "Honi zimekumeza."

Tavares akalisogeza goti karibu. Macho yake hayakutoka tena usoni kwake.

"Nasema, vyovyote itakavyokuwa huko, mimi niko hapa. Utakubali nikuoe?"

"Nakubali," alisema Lawanda, akauacha mkono wake pale ulipo, kidevuni mwa Tavares, mpaka aliporidhika.

Kisha akageuka.

"Haya, Mama. Sasa tuambie."