Suruali Isiyobana

Saa kumi alasiri, siku ya Ijumaa, kiuno cha suruali ya kijivu kilikuwa kimefumuliwa kwa mara nyingine. Mshonaji aliiweka mapajani, akapitisha wembe katikati ya nyuzi, akapuliza vumbi la uzi. Chumbani hapakusikika kitu ila kijiko cha mumewe kikizunguka ndani ya kikombe. Kilizunguka muda mrefu, maana sukari ilikuwa nyingi.

"Mama, mkate umekwisha?" mume aliuliza.

"Upo mwingine kabatini, baba."

"Ahaa. Wewe ndiye mke."

Ungepita barabarani, ewe msomaji, ungechungulia dirishani ukasema: hapa pana amani. Na kweli ilikuwapo. Lakini maradhi yaliyokuwa yakiinyemelea nyumba hii hayavunji mlango. Hukaribishwa mezani, yakavutiwa kiti.

Mume alikuwa fundi wa saa. Miaka mingi alikaa kwenye kibanda chake karibu na posta, lenzi jichoni, akishika vyuma vidogo kuliko punje ya mchele. Kisha watu wakaanza kutazama saa kwenye simu, naye akafunga kibanda akarudi nyumbani. Mikono iliyozoea kazi ikatafuta cha kushika, ikashika mkate. Mkate mweupe na chai ya sukari asubuhi, biskuti kabla ya chakula, mlima wa wali mchana, viazi jioni, na kipande cha mwisho alichokiita cha kufungia. Akila, alitulia. Muda si muda vidole vilitetemeka, uso ukanuna, akasimama kutafuta tena. "Mkate hauna mfupa," aliwaambia majirani, "utanikabaje?" Nao wakacheka.

Mkewe aliona. Nani angeona kama si yeye, ambaye humpima mteja kwa macho kabla hajagusa utepe? Lakini hakusema. Kifungo kilipovuta, alikihamisha mume akiwa bafuni. Aliachia mishono ya pembeni, akaongeza vipande vya kitambaa makwapani mwa mashati, akapiga pasi hadi alama ya mshono wa zamani ikapotea. Alifanya hivyo kidogo kidogo, nguo baada ya nguo, ili mume avae bila kubana pumzi. Kwake huko kulikuwa kumsitiri. Dukani mteja haambiwi amenenepa. Huambiwa kitambaa kimepungua kwa kufuliwa. Adabu hiyo ya dukani aliileta chumbani kwake, na hapo ndipo kosa lilipo.

Nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu, ingawa hakuwa hai. Nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea ilitundikwa suti nyeusi ya kaka mkubwa wa mume. Shemeji huyo aliugua kisukari, akakatwa mguu wa kushoto, kisha akafariki. Mshonaji mwenyewe ndiye aliyeukunja mguu wa kushoto wa suruali ile na kuushona juu ya goti, ili shemeji apate kutoka nje kwa heshima. Baada ya mazishi mjane aliileta, akasema, "Ipunguze, mdogo wake aivae." Haikupunguzwa. Kila mlango ulipofunguliwa, suti iligeuka nusu, kama mtu aliyeitwa jina. Mshonaji aliifunika shuka. Shuka likafanya mabega.

Sasa, Ijumaa ile, wembe ulipofika mwisho wa mshono, aligundua kwamba kitambaa cha akiba kimekwisha. Hapakuwa na cha kuachia. Na kesho yake wakwe wa binti yao walikuwa wanakuja.

"Vipi, suruali ina nini?" mume aliuliza.

"Imechakaa."

"Basi nipe ile suti ya kaka. Kwani hujaipunguza mpaka leo?"

Alitaka kukataa, lakini kila sababu aliyoifikiria ilimpeleka kwenye ukweli. Akaufumua mguu uliokunjwa, akaupinda kwa pini pale chini, akampa. Asubuhi mume akaivaa. Akavuta kifungo. Kikafunga.

"Tazama!" alisema mbele ya kioo. "Utadhani nilipimwa mimi. Huna hata kazi ya kupunguza!"

Mabega yalikaa. Kiuno kilikaa. Vipimo vya shemeji bado vilikuwa kichwani mwa mshonaji, na mtu aliyesimama mbele yake alikuwa amevijaza vyote. Kiooni marehemu alikuwa akitabasamu, na miguu yake miwili.

Wageni walikuja, wakala, wakaaga. Jioni mume alipoketi kuvua viatu, mke aliinama kumsaidia, kwa kuwa tumbo halikumruhusu kuinama. Soksi ya kushoto ilikuwa imekauka damu. Pini moja ya pindo ilikuwa imezama nyamani, juu kidogo ya kisigino, hadi kichwa cha pini.

"Baba, hii imekaa humu kutwa."

"Nini?"

"Pini. Hukuhisi maumivu?"

Mume aliutazama mguu kama mali ya mtu mwingine. "Sikuhisi kitu."

Wote wawili walikuwa wamekumbuka jambo lilelile. Kaka naye alianza hivyo. Alitembea na msumari ndani ya kiatu, mpaka mkewe alipomuuliza kwa nini anaacha alama za damu sakafuni.

"Suruali zako nimezipanua," mke alisema, bado amepiga magoti.

"Ipi?"

"Zote. Tangu ulipofunga kibanda. Hata ya kulalia."

"Na mimi natamba mtaani kwamba sijabadilika tangu ujana!" Akalishika pindo la suruali nyeusi. "Mwenzangu, ulikuwa unanishonea suruali au sanda?"

Mke aliichomoa pini, akafunga jeraha kwa kipande cha kitambaa.

Jumatatu binti yao aliwapeleka hospitali. Damu ikapimwa, sukari ilikuwa juu sana. Daktari alisafisha kidonda, akaandika vidonge, akasema kidonda kitapona kikitunzwa, lakini ganzi ya miguu huenda isiondoke. Mkate mweupe uachwe, na chai ya sukari; wali na viazi vipunguzwe sana; sahani ijae mboga, na maharage au samaki; akague nyayo zake kila siku, na kidonda kikipona atembee.

"Sukari nitaacha, daktari. Lakini mkate nao una kosa gani?"

"Ukishaumeza, mzee, tumboni huwa sukari."

Kuacha kulikuwa vita. Kichwa kilimuuma, usingizi ukaruka, hasira zikawa karibu. "Hata mfungwa hupewa mkate!" alimfokea mkewe.

"Mfungwa ana tarehe ya kutoka, baba," binti alijibu. "Baba mkubwa hakuwa nayo."

Mchana mmoja mke alifungua droo ya zana za saa akakuta maganda ya mkate, na chembe zake zimejaa katikati ya springi. Alimwita. Mume alikuja akayaokota moja moja. Hakukana.

"Mtoe kaka nyuma ya mlango," alisema hatimaye. "Mtundike hapa, mkabala na kiti changu. Bila shuka."

Tangu siku hiyo walikula watatu. Watu hudhani wafu hutisha kwa kusema. Huyu alitisha kwa kunyamaza, mguu mmoja wa suruali ukiwa na alama ya mkunjo usiotoka kwa pasi. Mara nyingine mkono wa mume ulitoka kuelekea kabati, ukafika nusu ya njia, ukarudi. Mara nyingine haukurudi. Lakini droo ilibaki na springi tu, na baada ya miezi kadhaa kifungo cha suruali ya kijivu, ambayo mke alikuwa ameishona tena, kikaanza kulegea.

FUNZO

Jamaa zangu, chakula cha wanga na sukari huweza kumshika mtu kama pombe, hasa mtu mzima aliyepoteza kazi ya mikono yake. Wala si aibu kusema umeshikwa. Lakini neno hili zaidi ni letu sisi tunaoishi naye. Nguo inayobana ni mjumbe. Ukimziba mdomo kwa jina la mapenzi, atakuja mjumbe mwingine, na huyo habishi hodi. Mwambie unayempenda ukweli wakati kitambaa cha akiba bado kipo.

Mume yu hai, na miguu yake miwili. Suruali ya kijivu imepunguzwa kiuno. Siku ya kuijaribu, mke alimwambia afumbe macho, akachukua sindano, akagusisha upande wake butu kwenye wayo wa kushoto.

"Nimegusa wapi?"

Mume alisubiri.

"Bado hujagusa," alisema.