Niliitwa Mchawi kwa Ajili ya Mlio wa Injini

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili. Naandika haya nikiwa Korogwe ya Zamani, nyumbani kwa baba yangu, na wala sioni haya. Wa kuona haya ni wao!

Niliolewa Handeni na mwanamume ambaye hapa nitamwita Rajabu. Alikuwa na pikapu, akipeleka machungwa na mahindi Korogwe. Mimi nilikaanga vitumbua barazani. Hatukuwa matajiri, lakini tulikula tukashiba.

Siku moja pikapu ikaanza kulia... ka-ka-ka-ka! Ukikanyaga mafuta, na mlio unaongeza mbio. Rajabu akaipeleka kwa rafiki yake, Fundi Shomari, yule yule aliyebadilisha plagi siku chache kabla. Shomari akamwaga oili, akatia mpya. Akafungua hiki, akafunga kile... wapi! Mlio uko palepale.

Sasa ndugu wasomaji, baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Tangu mdogo nilikuwa namshikia spana. Alinifundisha kwamba mashine hailii bure. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini uweke sikioni, utasikia tatizo liko wapi.

Nilimwomba mume wangu nijaribu. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaniambia nikakaange vitumbua vyangu.

Basi asubuhi moja akaacha injini inaunguruma, akaingia ndani kunywa chai. Nikachukua bisibisi, nikainama. Plagi ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu... ka-ka-ka, kama inanipasua sikio! Plagi ilikuwa haikukazwa, pumzi ya injini inavujia hapo.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa nyuma yangu, kashika mdomo. Aliniona nimeinamia injini, midomo inanicheza. Nilikuwa nahesabu mapigo, jamani! Yeye akaenda kumwambia mwanawe kwamba amenikuta nanuizia gari.

Shomari akaitwa. Nikawaeleza wote kwa adabu kwamba plagi ya tatu imelegea, waikaze. Mnajua alijibu nini? Hata spana hakushika! Alimgeukia Rajabu.

"Mimi fundi nimehangaika wiki nzima sijaona kitu. Huyu kapajuaje, kama si yeye aliyeweka? Kaka, huo ni mkono wa mtu."

Loh! Nilichokijua ndicho kikawa ushahidi wa kunifunga. Yule bwana aliogopa kuumbuka kwa kazi yake mbovu, akaona bora niungue mimi.

Habari zikasambaa. Mtoto akitumwa vitumbua kwangu, jirani anamwita arudi. Mwanangu mkubwa akatoka shule analia, wenzake wamekataa kukaa naye. Mama mkwe akakata shauri: nipelekwe kwa mganga, ninyolewe nywele, ninyweshwe dawa, nikiri.

Nikamtazama Rajabu. Miaka kumi na mmoja tumelala kitanda kimoja! Akainamisha uso, akasema, "Nenda tu mke wangu, yaishe."

Yaishe? Ninyolewe kwa sababu ya plagi? Nikiri uchawi nisioujua? Niliwashika wanangu mikono, tukaondoka na nguo tulizovaa. Nililia njia nzima hadi Korogwe, sitawaficha.

Baada ya wiki mbili nilirudi na baba kuchukua vyombo vyangu. Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani, hirizi inaning'inia kwenye kioo, na Rajabu mwenyewe akakiri mlio wake haujapungua hata kidogo. Majirani wakajaa. Baba akataka kufungua boneti, nikamwambia, "Baba, niachie mimi."

Nikachomoa waya wa plagi ya tatu. Nikaishika plagi... ikazunguka kwa vidole! Vidole viwili tu, mbele ya watu wote! Nikaikaza kwa spana, nikarudisha waya, nikamwambia Rajabu awashe.

Ule mlio haukusikika tena. Injini ikanguruma taratibu, na watu wakaanza kutazamana. Shomari naye alikuwa pale tangu mwanzo. Nilipogeuka kumtafuta, hayupo!

Rajabu akanijia anatabasamu. Ati nirudishe vyombo ndani. Hivyo tu! Nikamwambia asimame pale alipo, awaambie majirani kwamba mkewe si mchawi. Akamtazama mama yake... akatazama chini... akaninong'oneza kwamba hayo tutayaongea chumbani.

Chumbani! Niliitwa mchawi uani, nije kusafishwa chumbani? Nikabeba sufuria zangu nikaondoka.

Dada zangu, nawasihi, msikiri kosa lisilo lenu ili kuinusuru ndoa. Ukikiri leo ili yaishe, kesho kuku akifa ni wewe. Na mkijua kitu, semeni hata wakiwacheka. Nanyi wanaume, fundi akishindwa kazi akakwambia kuna mkono wa mtu, kwanza muulize mkono wake yeye ulishika nini!

Rajabu ametuma wazee mara tatu. Nawaamkia, nawapa chai, nawaambia neno lile lile: aje aseme uani, watu wakisikia. Mpaka leo hajasema, na mimi sijarudi.