Aliyemwitikia Namba Arobaini

Kiti kilikuwa na joto. Hapo ndipo mambo yalipoanza, na anayebisha aje anibishie mimi. Wasomi watakueleza joto la jua na joto la chuma, lakini joto la kiti ambacho hakijakaliwa wiki mbili hawana somo lake.

Kiti chenyewe kilikuwa ukumbini kwa mwalimu wa takwimu, mstari wa tano, na mwenyewe alikuwa binti waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo. Kando yake alikaa mwenzake wa chumbani, Kipanga, ambaye kichwa chake kilikula hesabu kama mchwa anavyokula mlango. Usidhani walifanana. Chiriku alikuwa kwenye kwaya, kwenye mdahalo, kwenye mpira wa wavu, na dansi la kukaribisha wapya halikuanza kabla hajafika. Kipanga alikuwa maktaba. Aliyemtoa huko kwa kumvuta mkono mpaka kwenye kwaya ni huyohuyo Chiriku.

"Ukifia humu, mwenzangu," alimwambia, "watakuja kukuazima kama kitabu."

Sasa chuo kile kilikuwa kikali, si mchezo. Mwalimu wa takwimu, waliyemwita Mkasi, alianza saa mbili kamili kwa kuita namba, maana majina, alisema, yanamchelewesha. Ukikosa kuitika mara tatu, mtihani huufanyi, na mwaka umekwenda na maji. Ila Mkasi hakuwa mtu wa kuinua macho kwenye daftari lake, basi wanafunzi wakajiwekea desturi yao: mwenzako akiwa na shida, unamwitikia. Chiriku, namba arobaini, alipenda kulala akitoka dansini, na Kipanga, namba arobaini na moja, akajifunza sauti yake: nyembamba, ya kuvuta mwishoni, kama ya mtu anayetabasamu. "Nipooo." Kisha anaitika ya kwake, nzito. Hata Chiriku aliposhikwa na kifua akarudishwa kwao, Kipanga aliendelea kumshikia nafasi.

Jumanne jioni dada yake Chiriku alipiga simu.

"Wewe ndiye Kipanga?"

"Ndiyo, dada. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ametutoka leo alfajiri. Tunazika kesho asubuhi. Waambie wenzake, mdogo wangu. Mimi siwezi kumpigia mtu mwingine."

Kipanga alisema pole, akakata simu, akaanua nguo za Chiriku zilizokuwa kwenye kamba, akazikunja moja moja. Hakumwambia mtu. Si kwa ubaya. Aliona neno lile likishatoka mdomoni halirudi, na maadamu lilikuwa bado kwake peke yake, lilikuwa kama halijawa kweli. Maziko hayakuwa karibu na yeye hakwenda. Kesho yake, saa ileile ambayo kule walikuwa wanamwaga udongo, Mkasi aliita, "Arobaini!" na Kipanga akajisikia anaitika.

"Nipooo."

Kiti cha pembeni kikalia, kama kinavyolia mtu akijiweka sawa. Akapeleka kiganja. Ndipo lile joto.

Alhamisi hakuwahi hata kufungua mdomo.

"Arobaini!"

"Nipooo," kikasema kiti.

Sauti yenyewe, na tabasamu lake mwishoni. Harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, udongo mbichi wenye maji, ikampanda puani.

"Arobaini na moja!"

"Nipo," alisema Kipanga.

"Arobaini na moja!"

"Nipo, mwalimu! Niko hapa!"

"Hayupo," alisema Mkasi, akaweka alama.

Utasema alikimbia. Hakukimbia. Mtu aliyefiwa haogopi jini haraka, na hilo wengi hawalijui. Aliinama pembeni akanong'ona, "Ni wewe?" Pale penye kiti kitu kikacheka chini chini, kicheko cha Chiriku hasa, kile cha puani, na Kipanga akafunika uso kwa daftari akalia kwa furaha.

Jioni kwenye kwaya kiongozi alipiga makofi. "Leo sauti ya pili imekaa! Chiriku karudi nini?"

"Karudi," akasema mmoja. "Nimemsikia bafuni akitukana maji ya baridi."

Wakacheka wote, wakafurahi, wakajisogeza kumwachia nafasi, na katika kujisogeza huko wakamkanyaga Kipanga bila kumwomba radhi, wakampita begani kama nguzo, na yeye akafungua kinywa kuimba, akaimba kwa nguvu mpaka shingo ikamuuma, asisikie chochote kutoka kooni mwake ila ile sauti nyembamba kando yake ikipanda juu, tamu, ikinuka kaburi.

Ijumaa alipata alama ya pili.

Chini ya ngazi za maktaba alikaa fundi wa fotokopi, mzee mwenye wino mpaka kwenye kope, ambaye babu yake alikuwa mganga. Siku ile ndiye pekee aliyemwona Kipanga.

"Binti, unanuka udongo. Njoo hapa. Usiogope, mimi majini nimeshawatoa saba. Wa nane alitoka mwenyewe, akasema maneno yako yamenichosha."

Kipanga hakucheka. Alimweleza yote, na fundi akazima mashine.

"Huyo si rafiki yako, mwanangu."

"Sauti ni yake."

"Sauti umempa wewe. Jini hajengi, anatafuta palipoachwa wazi. Umempa kiti, umempa namba, umempa na sauti. Sasa anataka na uhai wa kukalia hapo, na aliye karibu ni wewe. Umebakiza alama ngapi?"

"Moja."

"Basi Jumatatu arobaini ikiitwa, mwahi. Sema hayupo. Sema alikokwenda, watu wote wasikie."

"Nikisema, baba, sitamsikia tena."

Fundi akawasha mashine yake tena, akaitazama ikitoa karatasi nyeupe tupu.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Mkasi alianza na moja, akaenda kumi, akaenda ishirini, na kila namba iliyoitika ilikuwa kama hatua ya mtu anayekuja kwenye varanda, na harufu ikazidi mpaka ulimi wa Kipanga ukaonja udongo, na kiti cha pembeni kikaanza kusogea kidogo kidogo kikimkaribia, kikagusa paja lake, na Mkasi alipofika thelathini na tano pumzi ikamjia Kipanga sikioni, ya moto, ikisema kwa sauti aliyoipenda kuliko sauti zote za duniani: "Usiseme, mwenzangu. Kule kuna giza, na hakuna hata mmoja wa kuongea naye. Niache nikae tu. Mimi nilikutoa maktaba, wewe unanitoa?"

"Arobaini!"

Kipanga alisimama.

"Hayupo."

Kwa mara ya kwanza Mkasi aliinua macho. "Nani huyo?"

"Hayupo, mwalimu. Amekufa. Jumanne alfajiri, kwao. Walinipa ujumbe niwaambie, nikanyamaza."

Kiti kikaanguka chali, hakuna aliyekigusa. Kilio kikaanzia nyuma, kwa wenzake wa kwaya, kikashuka mstari kwa mstari. Mkasi alishika kalamu muda mrefu, kisha akachora mstari mmoja, polepole, kama anayeogopa kuumiza karatasi.

"Arobaini na moja," akasema, chini chini.

"Nipo."

Akasikika. Na alivyoketi, alipeleka kiganja pembeni kwa mazoea, akakuta hewa tupu.

Wiki iliyofuata mama yake Chiriku alikuja kuchukua vitu. Alikaa kwenye kitanda cha mwanawe, akashika zile nguo zilizokunjwa.

"Alikuwa akiniambia," alisema. "Ikifika saa mbili, anafumbua macho. 'Sasa hivi wananiita, mama, na Kipanga ananiitikia.' Anacheka mpaka kikohozi kinamshika." Akafuta pua kwa kiganja. "Eti ulikuwa unaiweza sauti yake."

"Mama..."

"Niitikie mara moja tu, mwanangu. Mara moja, niisikie. Sikuombi kingine."

"Siwezi, mama. Nisamehe. Siwezi."

"Nitamwita mimi, kama nilivyokuwa nikimwita nyumbani. Wewe itika tu."

Kipanga alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, machozi yakimpita vidoleni. Mama hakumwona. Alikuwa amegeukia dirisha, amefumba macho.

"Kitindamimba wangu! Uko wapi?"

Chumba kikanyamaza. Kisha uso wa mama ukafunguka wote, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ahsante. Ni yeye kabisa."

Akainua sanduku, akatoka. Alishuka ngazi taratibu, akibana ukutani upande mmoja kama anayemwachia mtu nafasi, na alikuwa anaongea, na alikuwa anacheka.

Kipanga alikuwa bado amejiziba mdomo.