Dirisha la Waangalizi

Saa mbili kamili asubuhi Stumai Ngonyani aligusa meza kwa kidole gumba, na watu elfu kumi na mbili wakabadilishiwa dirisha bila hata mmoja wao kupepesa jicho.

Ilichukua sekunde tisa. Kwenye ramani ya Shirika la Upepo nukta za kijani ziliwaka moja baada ya nyingine, kuanzia ofisi za Makambako mpaka minara ya mwisho ya kufua umeme kule vilimani, kila nukta ikiwa ni mfanyakazi mmoja aliyepata toleo jipya. Ramani yenyewe haikuwapo ukutani. Ukuta wa Kitovu, chumba alichofanyia kazi kwenye ghorofa ya saba, ulikuwa mweupe na mtupu. Stumai aliiona ramani kupitia miwani yake, kama alivyoona kila kitu kingine cha kazini.

Kwenye vitabu vya mafunzo chombo hicho kiliitwa kivinjari, jina la tangu enzi za kompyuta za mezani. Wafanyakazi walikiita dirisha, kwa kuwa kilikaa ndani ya vioo vya miwani ya kazi, na hakuna kilichosomwa kazini bila kupitia humo: mwongozo wa mtambo, hali ya hewa, barua za ofisi, menyu ya kantini, tahadhari za kiwanda kilichotengeneza minara. Zamani kila fundi alikuwa na lake. Mmoja anatumia toleo la mwaka juzi, mwingine amelijaza mchezo wa bao, wa tatu limeingiliwa na wezi wa siri na wala hana habari. Stumai ndiye aliyeyaweka yote chini ya mkono mmoja. Akiwa Kitovuni aliweza kuandika sera, yaani amri ya kueleza kundi fulani lione nini na lisione nini, na sera hiyo ikatiiwa kila mahali kwa wakati mmoja.

Kazi ngumu haikuwa mitambo. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi watu. Kwa miezi mitatu Stumai alivaa koti zito akazunguka mnara hadi mnara kwenye baridi ile, akinywa chai ya mafundi kwenye vikombe vya bati na kuwabembeleza waweke kidole kwenye neno Nakubali. "Mkono ni wangu mimi," aliwaambia. "Mnanijua. Siwachezei." Wakaweka. Na kwa sababu hakutaka kuwaangusha, kila toleo alilijaribu kwanza kwenye miwani yake mwenyewe. Likikaa sawa machoni pake, ndipo analituma kwa wengine. Aliionea fahari sana desturi hiyo.

Nukta ya mwisho ilikuwa bado inawaka mlango ulipofunguliwa na Lutengano Mhema akaingia, mkono wa kushoto wa koti lake ukiwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Kamwene, dada Stumai."

"Kamwene. Karibu kiti, Lute. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono haupo. Utaendeleaje?"

Stumai aliona haya mpaka masikio yakawaka. Lutengano alikuwa fundi wa mnara namba arobaini na moja, na ndiye mtu wa kwanza kuweka kidole kwenye Nakubali, akicheka na kuwaita wenzake waoga. Miezi saba iliyopita breki ya mapanga iliachia akiwa ameingiza mkono kwenye gia. Kamati ya uchunguzi ilimwita Stumai na kumwuliza swali moja: tahadhari ya kiwanda ilimfikia fundi huyu kabla ya ajali? Alifungua dirisha lake akaiona, na tarehe yake ilikuwa ya wiki moja kabla. Akasaini. Lutengano akanyang'anywa cheti cha kupanda minara, na barua ya kumwita mzembe ikasomwa na shirika zima. Stumai alilia siku ile, lakini angefanyaje? Alisaini alichokiona kwa macho yake.

Lutengano alitoa miwani ya kazi mfukoni akaiweka mezani.

"Mke wangu ameikuta jana kwenye furushi la hospitali. Shirika lilisahau kuidai. Nimekuja uniambie kitu kimoja tu, halafu nitaondoka. Mlisema nilipuuza tahadhari. Hii hapa. Imeandikwa: kagua breki kabla ya kupanda. Nilikagua, Sanga msimamizi wetu akiwa pembeni yangu. Nionyeshe nilichopuuza."

"Haijaandikwa hivyo, Lute," Stumai alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgonjwa. "Imeandikwa msipande kabisa. Minara yote ya aina ya Tano ilifungwa."

"Ilifungwa na nani? Leo saa nne Sanga na vijana wake wanapanda huo huo wa arobaini na moja."

Stumai alivua miwani yake akailaza kando ya ile ya Lutengano. Akaviinamia vioo. Ukurasa ulikuwa ule ule, tarehe ile ile, mhuri wa kiwanda ule ule. Kwenye miwani ya fundi: Kagua breki kabla ya kupanda. Kwenye yake: Breki zinaweza kuachia zenyewe hata zikikaguliwa. Mtu yeyote asipande mpaka zibadilishwe. Alisoma mara tatu.

Kwanza alijitetea moyoni kwamba ni hitilafu ya toleo. Akafungua orodha ya sera za Kitovu kwenye miwani yake: hakuna kitu. Kisha akavaa ya Lutengano, akaweka kidole chake mwenyewe, akafungua orodha hiyo hiyo. Hapo ikaonekana, kwa kuwa hakuna aliyewaza kuificha kwenye dirisha la fundi. Kulikuwa na kundi asilolijua, jina lake Waangalizi. Waliomo waone kurasa kama zilivyo. Wasiomo waone zilizorekebishwa. Ndani yake yalikuwamo majina ya wakaguzi wa serikali na wajumbe wa kamati ya uchunguzi, yaani kila mtu mwenye haki ya kuuliza maswali, na jina la Stumai Ngonyani. Aliyeanzisha kundi: Mhandisi Kihwelo.

"Nisubiri kwenye gari," alimwambia Lutengano.

Kihwelo alikuwa mkurugenzi wa mitambo, na ndiye aliyemfundisha Stumai kazi tangu akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Siku ya harusi ya Stumai alikaa upande wa wazazi. Alipomwona mlangoni pa ofisi yake ya ghorofa ya juu, na miwani mbili mkononi, hakuuliza zimetoka wapi.

"Kaa, mwanangu."

"Sikai, Mzee. Niambie tu kwamba si wewe."

Kihwelo alivua miwani yake akaifuta taratibu. "Breki mpya zinakuja baada ya miaka miwili. Minara mia sita. Mafundi wangesoma ile tahadhari wangegoma siku hiyo hiyo, na ningekuwa nao bega kwa bega kama ningekuwa fundi. Lakini wodi za wagonjwa zinatumia umeme huu. Pampu za maji zinatumia umeme huu. Nilipiga hesabu ya watu."

"Na mimi je? Kwa nini uniweke mimi kwenye kundi?"

"Kwa sababu unajaribu kila kitu kwenye miwani yako. Nakujua. Ungeona kurasa zimebadilishwa, ungekataa, ningelazimika kukufukuza. Nilikulinda."

"Ulinifanya nimsainie Lute kifo cha jina lake!"

"Ulisaini ulichokiona," alisema Kihwelo, na sauti yake ilikuwa ya upole ule ule aliomfundishia kazi. "Hukusema uongo hata neno moja."

Hilo lilimchoma Stumai kuliko mengine yote. Mzee huyu alikuwa ameichukua desturi yake nzuri kuliko zote, ile ya kujaribu kwanza kwake mwenyewe, akaifanya kufuli la kumfungia nje. Alitaka kumtukana na hakupata tusi lenye uzito wa kutosha. Aligeuka akateremka ngazi mbiombio hadi Kitovuni.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Aliandika sera mpya: kundi la Waangalizi lifutwe, tahadhari halisi ifunguke yenyewe mbele ya kila jicho. Akaweka kidole. Nukta zikaanza kuwaka, ofisini, kisha vilimani, sekunde tisa, elfu kumi na mbili, zote kijani. Akashusha pumzi. Alipotoka, kwenye korido alimkuta Kayombo, mlinzi wa zamu, akisoma kitu kwenye miwani yake na kutabasamu.

"Umeona tahadhari, Kayombo?"

"Tahadhari gani, mama? Mimi naona menyu. Leo kantini kuna makande."

Stumai alivaa miwani ya Lutengano akabonyeza kidole. Kioo kikaandika: Kidole hiki hakitambuliki. Wakati yeye akishuka ngazi Kihwelo alikuwa ameshamfungia mkono, ila alimwachia nukta zake za kijani azitazame aridhike, akae ametulia kwenye kiti chake, kama mtoto anayepewa usukani wa kuchezea. Stumai akakimbilia kwenye gari.

Barabara ya vilimani ilikuwa na ukungu. Lutengano alikaa mbele, na Stumai alimweleza yote akiwa ameyakazia macho mawe ya barabarani, kwa kuwa kumtazama usoni hakuweza. Walipofika chini ya mnara wa arobaini na moja, Tulizo Sanga, yule mama msimamizi, alikuwa ameshafunga mkanda wa kupandia, na vijana wawili nyuma yake.

"Msipande!" Stumai alipaza sauti kabla hata gari halijasimama. "Breki inaachia. Kiwanda kimekataza."

Sanga alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyechoshwa na watu wa ofisini. "Tumeisoma tahadhari, mhandisi. Inasema kagua. Tumekagua. Na si wewe uliyetuambia tukisoma humu tusisikilize ya mtaani?"

"Niliwaambia. Nilikosea. Vaa yangu."

Sanga aliipokea miwani ya Stumai akaivaa juu ya paji, kisha akaishusha machoni. Alisoma mpaka mwisho. Akawapa vijana, mmoja baada ya mwingine. Juu yao mapanga ya minara ya jirani yalikuwa yakikata upepo. Mwishowe Sanga alifungua mkanda wake ukaanguka chini, akachukua redio ya mkononi, ile kuukuu ya kuitana wakati wa radi ambayo haikupitia Kitovu chochote.

"Minara yote, minara yote. Aliye juu ashuke. Ambaye hajapanda asipande. Nimeona kwa macho yangu, na msiulize dirisha." Alirudia mara tatu, na majibu yakaanza kuingia kutoka vilima vya mbali, sauti za watu wenye wasiwasi. Alipomaliza alimgeukia Lutengano. "Ulikagua mbele yangu, Lute. Nilikaa kamatini nikasema huenda nimesahau mimi. Nilimwamini aliyesaini kuliko macho yangu." Akaanza kulia, mama mzima, akajifuta kwa glavu.

Lutengano alimshika bega kwa mkono wake mmoja. "Basi, mama. Yamepita."

Stumai alisogea. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yalitoka yote pamoja. "Nitakwenda kamatini leo hii. Nitafuta sahihi yangu, nitasema ulikagua, cheti chako watakurudishia. Lute, nisamehe. Na mimi nimedanganywa kama nyie. Mzee Kihwelo amenidanganya miezi yote hii."

"Najua. Nimekusikia kwenye gari."

"Basi unaelewa kwamba sikujua."

"Naelewa." Lutengano hakupandisha sauti. "Nyumbani kwangu umekuja mara ngapi kunipa pole? Mara sita. Umeleta matunda, umeleta sukari, umecheza na wanangu. Nikawa nasema huyu dada ipo siku ataniuliza. Hukuniuliza hata mara moja: 'Lute, siku ile ilikuwaje?'"

Stumai alitaka kusema kwamba kwao mtu hamhoji mgonjwa, kwamba ni adabu, kwamba aliona haya kumuuliza mtu aliyepoteza mkono kwa nini alipanda mnara uliofungwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba hakuona haja ya kuuliza, kwa sababu jibu alikuwa nalo machoni.

Lutengano aliingia kwenye gari la mafundi pamoja na Sanga na vijana wake. Hakumuaga. Gari liliteremka kilima likapotea kwenye ukungu, na Stumai akabaki chini ya mnara, miwani yake mkononi, bila mtu wa kumwambia neno.