Karatasi Kwenye Friji

Wendell Haugen alichora kwenye ramani alama nyekundu ya kambi, penye Kijito cha Mierezi, akainuka kujiongezea kahawa. Aliporudi mezani, alama ilikuwa Kijito cha Chumvi, bonde la pili upande wa kusini.

"Lorna, umeigusa ramani yangu?"

"Niiguse ya nini?" mkewe alijibu akiwa kwenye sinki. "Msimu wa kulungu ukifika tu, akili zako zinatangulia milimani."

Alifuta, akachora upya. Kisha akajaza ile karatasi ambayo kila mwindaji humwachia mtu wa nyumbani: naenda bonde gani, narudi lini, nisiporudi mpigie nani. Akaibandika kwenye friji.

Asubuhi Lorna alikwenda kutoa maziwa kwenye friji, akaganda. Kwenye karatasi, penye majina ya wasafiri, palikuwa na watu wawili, na mwandiko wa pili ulikuwa wa kaka yake, Orrin.

Orrin alikuwa amepotea tangu Novemba iliyopita. Walitoka wawili, Wendell akarudi peke yake, na kulungu dume ambaye kichwa chake sasa kiko ukutani hapo jikoni. Alimwambia sherifu waliachana Kijito cha Mierezi. Watu na mbwa walipekua Mierezi siku tisa, wasipate hata kifungo cha koti. Kila Jumapili Lorna hupeleka maua kwenye jiwe ambalo chini yake hamna mtu, na hilo ndilo lililokuwa likimla: alitaka kumzika kaka yake.

Jikoni kulinuka sufu mbichi na moshi wa kuni zilizozimwa na theluji. Kichwa cha kulungu kikaanza kudondosha maji puani, tone moja, tone jingine, maji ya baridi kali yakitiririka ukutani hadi sakafuni, na huko bandani zinakotundikwa pembe kukasikika ta! ta! ta!, kimya kidogo, halafu tena ta! ta! ta!, sauti hizo zikisogea, zikavuka ua, zikapanda ngazi, zikaingia ukutani nyuma ya kile kichwa, zikagonga hapo mara tatu, na kila mwindaji anajua kwamba tatu ni mtu anayeomba msaada.

"Wendell," Lorna alimnong'oneza mumewe aliyekuwa mezani. "Kwa nini tatu?"

"Upepo huo."

"Upepo hauhesabu."

Ta! ta! ta! Wendell akajishika kichwa. Njia ya mwongo fupi, jamani, na yake ilikuwa imeishia hapo.

"Nilizisikia," alisema kwa sauti ya chini. "Risasi tatu, kutoka Chumvi. Dume huyu alikuwa mbele yangu, Lorna. Siku nne namfuata! Nikasema nimpige kwanza, halafu niende. Theluji ikafunga njia."

"Na Mierezi?"

"Ningemwambiaje sherifu kwamba nilisikia nisiende? Niliona haya."

"Haya!" Lorna alifoka. "Siku tisa wamemtafuta asipokuwepo, kwa sababu wewe unaona haya! Mbwa we! Nenda kamlete kaka yangu."

"Wanasema kesho theluji..."

"Nenda hivyo hivyo!"

Wendell akaandika karatasi nyingine: Kijito cha Chumvi, kurudi Jumapili jioni. Akabeba bunduki na kamba, akaondoka. Theluji ikashuka usiku ule ule.

Jumapili ikapita. Jumatatu adhuhuri Lorna alikuwa anamenya viazi aliposikia ta! ta! ta! ukutani. Safari hii zilikuwa dhaifu, na zilikuja na harufu ya tumbaku ya Wendell. Aliacha kumenya. Zikagonga tena. Simu ikalia.

"Mama Haugen?" Alikuwa sherifu. "Gari la mumeo bado lipo kwenye maegesho ya wawindaji, na njia za mabonde yote mawili zinaanzia hapo. Vijana wangu wako tayari na mbwa. Alikuachia karatasi?"

"Ninayo mkononi."

"Mungu mkubwa. Kaenda bonde gani?"

Lorna akaisoma karatasi mpaka mwisho. Akakitazama kichwa cha kulungu. Theluji ikiyeyuka atapanda Chumvi mwenyewe kumchukua Orrin. Kaka yake alikuwa ameshazoea kungoja.

Ta! ta! ta!

"Mierezi," akasema.

Akarudisha simu mahali pake. Ukutani, maji yalikuwa yameacha kudondoka.