Pazia la Okari

Sitii chumvi, Okari, fundi wa redio pale Rodi Kopany, alinieleza mwenyewe. Mwaka wa tisini na sita alifunga mota ya kaseti na saa kwenye pazia la chumbani. Kila asubuhi, krrr, linafunguka lenyewe, mkewe Bochaberi aamke akauze uji. Siku ya Sabato tu ndipo alipokuwa akichomoa betri.

"Baba Nyaboke, malaria imenishika. Leo niachie giza," mkewe aliomba.

"Pazia limeamka. Wewe ni nani?"

Bochaberi alikufa Alhamisi, macho yakitazama dirisha.

Sabato baada ya mazishi, betri zikiwa mfukoni, Okari alifungua pazia kwa mkono asome Biblia. Krrr. Mota iliyojua kufungua tu ikalifunga. Gizani, upande wa Bochaberi kitandani, mtu akashusha pumzi, akajigeuza alale.