Shati Bichi la Mlinzi wa Daraja

Kasoro ilianzia kwenye shati. Ndani ya mchezo wa kompyuta lilikuwa jua la saa sita, barabara kavu, vumbi linatimka chini ya kwato za farasi, na mlinzi wa daraja amesimama pale pale anaposimama siku zote. Shati lake lilikuwa limemganda mwilini, linachuruzika maji.

Yamirka akacheka peke yake. Alikuwa fundi wa kompyuta katika mtaa wa Pueblo Nuevo, mjini Matanzas, na kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuupamba mchezo wa Ngome ya Arvel, mchezo mkongwe wa mapanga na wafalme ambao vijana wa mtaani waliucheza kwenye mashine zilizochoka kuliko mchezo wenyewe. Alitumia modi, vifaili vya kubandika juu ya mchezo: hiki kinabadili anga, kile kinabadili maji, kingine nyuso za watu. Ukibandika nyingi lazima zigombane, kama wake wenza kwenye jiko moja. Na mojawapo ilikuwa kazi yake kulowesha nguo za watu mvua ikinyesha. Akaizima, akauwasha mchezo upya.

Shati bado lilikuwa bichi.

Lingekuwa la mtu mwingine asingejali. Lakini uso wa mlinzi yule aliuchora yeye kutoka kwenye picha, na ulikuwa uso wa kaka yake, Onelio. Onelio na wenzake walifunga mipira ya matairi ya lori kwa kamba, wakaingia baharini kuelekea Florida, na huu ulikuwa mwaka wa pili bila simu wala salamu. Mama yao, Nieves, hakutaka kusikia la mtu. "Yuko hai," alisema. "Hana simu tu."

Katika nyumba za mtaa ule, kila mfu ana glasi yake ya maji juu ya kabati, maana wafu nao hupata kiu. Nieves alikuwa na glasi ya mumewe, na ya mama yake, na hata ya shangazi mmoja ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Ya Onelio hakuiweka. Angeiwekaje, na mwenyewe yuko hai? Basi Yamirka kwa huruma akamchora darajani, ili mama amwone mwanawe anatembea. Na Nieves akawa kila alasiri anakaa mbele ya skrini na kikombe cha kahawa, akimtazama mlinzi akienda na kurudi, akimpa habari za mtaa. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

"Mwanangu kalowa," Nieves akasema siku ile. "Atapata homa huyu."

"Ni kasoro ya modi, mama. Nitairekebisha."

Kabla hajairekebisha akaingia Reinier, jirani aliyepitisha diski nyumba hadi nyumba, imejaa filamu, tamthilia na michezo, kwa watu ambao intaneti kwao ni ghali na ina kigugumizi.

"Fundi, hujamaliza tu? Nipe hivyo hivyo, watu wananitoa roho."

"Ina kasoro. Kuna mtu analowa bila mvua."

"Alowe! Mzee wangu mwaka wa thelathini huu yuko Tampa, huko huko Florida, na mke wa pili, barua haleti, senti haleti, nasi tunakula tunalala. Ndilo litushinde shati?" Akainakili folda yote, akambusu Nieves shavuni, akatoka akipiga mluzi.

Iko njia ya kumnasa mchawi kati ya modi mia. Unazima nusu, unatazama. Kasoro ikibaki, mchawi yumo katika zile zilizosalia. Unagawa tena, na tena, mpaka abaki yeye peke yake na aibu yake. Yamirka akaanza kugawa. Akazima anga, shati likabaki bichi. Akazima maji ya mto, akazima miti na vivuli, shati likabaki bichi, na sasa chini ya miguu ya mlinzi palikuwa na kidimbwi.

Nyumba nayo ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya mwani uliooza, na bahari iko mbali, bondeni huko. Kahawa ikawa na ladha ya chumvi.

"Umetia chumvi humu?" Yamirka akauliza.

"Chumvi yenyewe iko wapi?" mama akajibu, na kweli dukani haikuwapo tangu mwezi uliopita.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa kiu ya mama. Nieves alianza na glasi, akaja kwenye jagi, kisha akawa anasimama kwenye pipa la maji anachota kwa kikombe na kunywa, anachota na kunywa, na midomo yake inapasuka kana kwamba hajaonja maji wiki nzima. Alikuwa anakauka mbele ya macho ya binti yake. Zahanati walimpima sukari, wakasema hana.

Alasiri moja, madirisha yamefungwa kuzuia jua, Yamirka akazima modi zilizosalia. Akazima hata ule uso. Mchezo ukabaki uchi kama ulivyotoka kwa wenyewe, miti ya mraba mraba, watu wenye nyuso za mbao. Akamwendea mlinzi wa daraja, na mlinzi akageuka, na alikuwa Onelio, lakini si Onelio wa kwenye picha aliyenyolewa akapaka mafuta, alikuwa Onelio mwenye ndevu za siku nyingi baharini, ngozi ya pua imebambuka kwa jua, midomo imepasuka vile vile kama ya mama, macho hayamtazami mchezaji bali yanapita juu ya bega la Yamirka na kumtazama mwanamke aliyekaa nyuma yake na kikombe mkononi.

Umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, kama kawaida yao. Skrini ikazimika, feni ya mashine ikazunguka kidogo ikanyamaza, na katika kimya kile Yamirka akasikia tone, likafuata tone, ndani ya chumba, na kutoka kwenye spika ambazo hazikuwa na umeme sauti kavu ikasema, "Mama, nina kiu."

"Njoo unywe, baba," Nieves akanong'ona, akainua kikombe mbele yake. Hakukigusisha mdomoni, na katika mwanga mwembamba wa dirishani Yamirka akayaona maji yakishuka, yakishuka, hadi kikombe kikawa kitupu.

Akatoka mbio bila viatu kutafuta msaada.

Bi Eneida, mganga aliyezungumza na wafu, alikuwa kwenye foleni ya mkate, na alikataa kuondoka mpaka apate mkate wake. Alipofika akawasha sigara yake nene, akapuliza moshi pembe zote za sebule, akanusa. Umeme ulikuwa umerudi. Skrini ilikuwa imejiwasha, na mlinzi yuko pale, mdomo wazi.

"Umefanya nini mpaka sasa?" Bi Eneida akamuuliza Yamirka kwa sauti ya chini.

"Nimeondoa kila kitu, Bi Eneida. Hakuna kilichobaki cha kuondoa."

"Unaondoa tu. Hizo mashine zenu hazijawahi kusumbua kwa kitu kilichokosekana?"

Kila fundi anajua hilo: nusu ya kasoro si faili iliyozidi, ni faili isiyokuwepo, mchezo unaitafuta na kuitafuta. Yamirka akatazama kabati. Glasi ya baba, ya bibi, ya shangazi.

"Naiweka mimi sasa hivi," akasema.

"Hutaiweka wewe. Kilio huanza mfiwa. Nieves, umesikia?"

"Sikusikia kitu." Nieves akakibana kikombe kifuani. "Nikiiweka, nimemuua."

"Bahari ilishamuua, ndugu yangu. Wewe unamnyima maji tu."

Damu ilikuwa inamtoka Nieves mdomoni, wala haifuti. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akainuka akishikilia meza, akaenda jikoni, akarudi na glasi yenye ufa; tangu udogoni Onelio hakukubali kunywea nyingine. Akaijaza pipani. Akaiweka kando ya glasi ya mumewe, na mkono ulipoiachia, akatoa kilio alichokuwa amekimeza tangu mwanawe aondoke, kikasikika mpaka kwenye foleni ya mkate.

Maji yakashuka hadi nusu, yakasimama. Harufu ya mwani ikaondoka. Kwenye skrini, darajani, alisimama mtu asiyejulikana na yeyote, uso wa mbao, shati kavu. Nieves akaomba maji, akanywa mafunda mawili, akasema yanatosha. Yamirka akamkumbatia, wakalia pamoja mpaka moshi wa sigara ukaisha chumbani.

Wiki haikuisha, Reinier akaja. Hakupiga mluzi. Alisimama kizingitini na diski yake kwapani.

"Fundi, mtu wako wa darajani kwangu kabadilika sura," akasema taratibu. "Ana masharubu."

"Masharubu gani?"

"Ya mzee. Yale ya kwenye picha ya harusi." Akajaribu kucheka. "Lakini mzee yuko Tampa. Mama ndivyo alivyosema siku zote. Yuko Tampa, ana mke mwingine."

"Na shati lake?"

"Linachuruzika maji," Reinier akasema.

"Diski umeipitisha wapi na wapi?" Yamirka akauliza.

"Kila nyumba."

"Mama yako anaendeleaje?"

"Yuko kwenye pipa. Tangu asubuhi anakunywa."

Nyuma yao kabati likafunguliwa. Nieves akaja mlangoni na glasi safi, tupu, akaifuta kwa upindo wa gauni lake.

"Mpelekee Clotilde, mama yako," akasema. "Mwambie imetoka kwangu. Na aijaze kwa mkono wake."

Reinier akaipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama pale pale, hataki kwenda.